Nieleze Jumapili Yako

Hapana, sikufukuzwa. Najua hamjauliza, lakini macho yenu nayaona. Wewe Zawadi ndiyo kabisa, tangu umeingia unalizunguka swali kama paka anayezunguka samaki wa moto. Sikufukuzwa na mtu. Niliweka funguo mezani mwenyewe, kwa mkono huu, nikavaa koti langu, nikaenda kusubiri basi. Anayesema Mchungaji Elia alinitoa, mwambieni Mama Sifa amesema wewe mwongo, na soksi zako hazilingani.

Bon. Simu inarekodi? Kale kataa kekundu kanawaka? Haya. Mimi kuandika sijui. Shule niliiona kwa nje, nikipita na mzigo wa mihogo kichwani. Nyinyi andikeni vile vile ninavyosema, msininyooshee maneno, mimi si shati.

Mmetaka niwaeleze kazi, kwa sababu sasa nyinyi ndio wenye funguo, na nyinyi ndio mtakaowaandaa watoto wa skolashipu. Mshahara sitausema, ulikuwa mshahara wa kufagia, mnaujua, ndio mnaoupata. Nitawaambia kazi yenyewe.

Nilianza wakati wanachimba University Avenue kuweka treni. Frogtown, mtaa wetu huu, yote vumbi, vile vikoni vya rangi ya machungwa kila kona, wenye maduka wanalia hakuna mteja. Kanisa liko palepale mnapolijua, la matofali. Asubuhi walikuwa wanasali wazungu, wazee watupu, wengi walishahamia Eden Prairie huko nje ya mji, wanakuja na magari yao na kurudi na magari yao. Mchana tunasali sisi wa Kiswahili, watu wa Fizi na Uvira tuliopitia kambini Kigoma, na Wakenya wachache waliotoka shifti za hospitali wakisinzia wakati wa maombi wakisema wanatafakari. Jengo moja, Mungu mmoja, kahawa mbili. Yao unaona mpaka chini ya kikombe. Yetu kijiko kinasimama.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Arne. Mrefu kama mlango, na maneno yake ya wiki nzima ungeyatia mfuko mmoja na nafasi ya leso ikabaki. Alinionyesha funguo, akasema, "Yaa." Akanionyesha boila ya kupasha jengo joto, akasema, "Yaa." Akanionyesha mashine ya kusugua sakafu, akasema, "Yaa. Keaful." Ile ya mwisho, ya kuwa mwangalifu, sikuisikiliza. Nikabonyeza, mashine ikanichukua. Nilivuka ukumbi mzima nimeishikilia kama mtu anayeburutwa na ng'ombe, tukaenda kusimama kwenye piano. Mzee Arne akaja polepole, akachomoa waya ukutani, akaniangalia, akaiangalia piano.

"Yaa," akasema.

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza. Piano bado ina alama, ukiinama utaiona.

Alinifundisha mengi yule mzee kwa hiyo yaa yake. Chumvi ya barabarani wakati wa baridi, watu wanaileta na viatu, ikikauka sakafu inakuwa nyeupe kama mtu asiyejipaka mafuta. Msitumie sabuni. Maji ya uvuguvugu na siki kidogo, halafu kitambaa kikavu, basi. Mlango wa upande, usilazimishe ufunguo, sukuma na nyonga kwanza ndipo uzungushe. Na boila ikianza kupiga kama mtu anagonga sufuria, usikimbie, haijalipuka, inakohoa tu.

Sasa skolashipu. Kulikuwa na bibi mmoja wa kizungu, mwenyewe sikumkuta, alishakufa. Aliacha pesa zisomeshe watoto wa wageni kama sisi. Lakini aliacha na sharti: awe mtoto anayetumika kanisani. Si anayesali tu. Anayetumika. Na awepo mkubwa wa kanisa lake wa kusema, ndiyo, huyu anatumika. Meza ya komiti ilikuwa hivi: Bi Karin ndiye mwenyekiti, wazee wawili wa kizungu ambao walikubaliana na Bi Karin kabla hajasema, mchungaji wetu Elia, na mimi. Mimi waliniita kwa sababu nashinda jengoni, namwona nani anakuja mapema kupanga viti na nani anakuja sahani zikishatoka. Kiingereza changu kilikuwa "helo" na "wet floo". Kwa hiyo Mchungaji akawa mkalimani wangu. Hilo lishikeni, tutalirudia.

Bi Karin mnamjua. Nywele nyeupe fupi, miwani mwisho wa pua, gari safi mpaka unaona huruma kwa theluji itakayoligusa. Mwanamke mzuri, sisemi. Lakini yule mama hawezi kusema hapana. Hajui! Nadhani walipokuwa wadogo huku waliadhibiwa kwa neno hilo. Akikataa kitu anainamisha kichwa hivi, anasema, "Oo. Wel. Intaresting." Ukisikia hiyo intaresting, kusanya vitu vyako. Mimi nilipika siku moja sombe, majani ya mihogo, na samaki wakavu, nikamletea kwenye kibakuli. Akaonja. "Oo! Intaresting." Mpaka leo kibakuli changu sijakiona.

Mtoto wa kwanza kumwona akiketi mbele ya ile meza alikuwa Bahati. Bahati huyu huyu wa kinanda. Kijana yule alikuwa anapiga kinanda, anafundisha watoto, anaendesha van kwenda Fridley, mji wa pili, kuwachukua wazee wasio na magari, theluji ikianguka anakuja na koleo lake kabla yangu. Nikajisemea, leo tumeshinda, hii ni kazi ya kwenda kunywa soda.

Bi Karin akatabasamu. "Nieleze, Bahati, unafanya nini kanisani?"

Bahati akaangalia chini, kama mtoto aliyelelewa. Mkubwa anakuuliza, unamkazia macho kama nani? Halafu akajibu kama tulivyomfundisha tangu anazaliwa.

"Mimi sifanyi kitu, mama. Ni Mungu tu."

Bi Karin akasubiri. Wazee wawili wakasubiri. Bahati naye akasubiri, anaona amejibu vizuri mno. Sisi tunajua, ukianza kuhesabu kazi zako mbele za watu umeshamnyang'anya Mungu sifa zake. Mtoto anayesema "mimi nafanya hiki, mimi nafanya kile," mama zake kwenye benchi wanagongana viwiko. Bi Karin hayo angeyajulia wapi? Aliuliza, ameambiwa hafanyi kitu.

"Oo," akasema. "Wel. Intaresting."

Nikaruka. Nikasema kwa Kiswahili, na nilisema, jamani, nilisema kwa upana. Nikasema huyu mtoto amelibeba kanisa hili mgongoni, mnamnyima kwa sababu ana adabu? Mnataka mwenye adabu au mnataka jogoo? Nikasema na mengine ambayo hayaingii kwenye simu. Nikamaliza, nikahema. Mchungaji Elia akaweka mikono hivi, pamoja, akageuza yote yale kwa sentensi moja fupi ya Kiingereza. Na Bi Karin akanigusa mkono, macho yanamng'aa, akasema, "Yu welkam."

Yu welkam! Hiyo naijua. Hiyo nilikuwa naambiwa nikisema asante. Sasa mimi nimetukana, mtu ananijibu karibu?

Nilimkamata Mchungaji kwenye korido. "Mchungaji, umewaambia nini?"

"Mama Sifa." Sauti yake ile, laini, kama mtu anayemwaga mafuta. "Nimesema mama anashukuru kwa kazi yenu. Hawa ni wenyeji wetu, Mama. Jengo ni lao. Tusiwachokoze."

Ndiyo hivyo. Muda wote niliokaa pale mezani nadhani ninasema, nilikuwa nashukuru.

Bahati hakupata mwaka ule. Akaenda kiwandani Fridley, akasimama kwenye mashine usiku, analala mchana, na Jumapili bado kinanda. Hakulalamika hata mara moja. Mimi nililalamika kwa niaba yake, na bado nalalamika.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kweli, hii ambayo nyinyi mnairithi. Nilichukua chumba cha boila, kwa sababu kina joto na hakuna anayekuja. Ndoo niliipindua ikawa kiti. Kwenye boksi la vitu vilivyosahaulika nilipata miwani ya mtu, nikaishusha mwisho wa pua. Nikakusanya watoto waliotaka skolashipu, nikakaa kwenye ndoo, nikawa Bi Karin.

Mnacheka, lakini mimi tangu mtoto naiga watu. Kambini nilimwiga bwana wa kugawa mahindi mpaka mwenyewe akanisikia, akaninyima mafuta wiki nzima, na ilipofika zamu yangu tena akasema, "Fanya kidogo ile ya mimi nikikohoa." Sauti ya mtu ikiniingia haitoki. Bi Karin niliye naye humu ndani hata mume wake angeniletea maua. Sikujua maana ya kila neno, nilijua wimbo wake. Kidogo kidogo na maana ikaja, kwa sababu watoto walikuwa wananiambia, "Ma Sifa, hapo umesema kitu hakieleweki," nami narekebisha.

Sasa tatizo lilikuwa moja. Nikiwauliza, "Unafanya nini kanisani?" wote, wote kabisa, wanaangalia sakafu: "Mimi sifanyi kitu." Hata wakijua ni mchezo! Hata wakijua Bi Karin ni mimi na kiti ni ndoo! Nikasema wajisifu. Hawawezi. Mmoja alijaribu, "Mimi ni… mimi na…", jasho likamtoka kama anabeba friji.

Nikakaa na hilo jambo muda. Halafu siku moja napiga deki nikajiuliza: hivi mtoto wetu akielezea siku yake ilivyokuwa, hapo amejisifu? Hajajisifu. Ni habari tu. Nikarudi kwenye ndoo. Nikasema, lile swali la Bi Karin achana nalo. Akikuuliza unafanya nini kanisani, wewe mweleze Jumapili yako. Tangu umefumbua macho.

Acha! Yakamwagika. "Naamka, napiga pasi mashati ya wadogo zangu. Halafu naenda na gari Fridley kumchukua bibi Nyota kwa sababu magoti yake, namfunga viatu. Halafu napanga viti. Halafu kwaya. Halafu wakubwa wakila mimi niko na watoto chini. Halafu nawatafsiria wazee barua zao za hospitali. Halafu nafagia." Wanaongea macho juu, hakuna aibu, kwa sababu hakuna anayejisifu, wanasimulia tu siku. Hiyo ndiyo dawa, Zawadi. Ukisahau yote niliyosema leo, hata siki ya sakafu, hiyo usisahau.

Tukaanza kupata. Mwaka wa kwanza mmoja, mwaka uliofuata wawili. Bi Karin akawa anasema, "Oo, nimependa sana," na hiyo nayo nikaiongeza kwenye mchezo wa ndoo. Mzee Arne alipostaafu alipita chumba cha boila kuniaga, akanikuta na miwani nasema kama Bi Karin. Akasimama mlangoni muda mrefu. Akasema, "Yaa. Daz ha." Nikauliza watoto, anasema nini? Wakasema, anasema, ndiye huyo. Kutoka kwa Mzee Arne hiyo ni hotuba.

Bon. Esperance.

Nyinyi watoto mliokulia hapa pengine hamkuielewa hii, kwa hiyo naeleza. Kanisani kwetu mtu akianguka dhambini alikuwa anawekwa pembeni. Haimbi, hafundishi, meza ya Bwana hashiriki. Anakaa benchi la nyuma, lile lililokuwa karibu na mlango, baridi inaingia chini, mpaka siku atakaposimama mbele ya wote aombe msamaha. Esperance ndiye alikuwa anaongoza kwaya. Sauti mnaijua. Amemaliza shule, chuo cha unesi kimeshamkubali, mama yake anaosha vyombo kwenye mkahawa wa maofisi Eden Prairie, skolashipu ndiyo daraja peke yake. Asipoipata mwaka ule, nafasi ya chuo inakwenda kwa mwingine, naye anabaki kwenye kazi yake ya kugeuza wazee vitandani kwa shifti, pengine mpaka awe mzee wa kugeuzwa.

Na akapata mimba.

Ya nani? Kanisa zima lilijua. Josué, anayepiga gitaa la besi. Josué naye aliitwa, usiseme hakuitwa. Alisimama mbele Jumapili moja, akainamisha kichwa, wazee wakamwekea mikono, wakaomba. Jumapili iliyofuata huyu hapa na besi lake, dum, dum, dum. Esperance alisimama naye siku ile ya kwanza, akainamisha kichwa vilevile. Yeye akapelekwa nyuma mpaka ajifungue.

Nilimuuliza mzee mmoja wa kanisa, mbona hivi? Akanong'ona, na alinong'ona kama mwenye akili: "Mama Sifa, ya kijana haionekani. Ya msichana wageni wataiona wakiingia." Nikamwambia, basi wafunikeni wageni macho.

Jumapili ile nikaondoka kiti changu cha mbele, cha kina mama, nikaenda kukaa benchi la nyuma na Esperance. Nikaleta na blanketi. Sikumwambia mtu kwa nini. Wee! Kina mama shingo ziligeuka kama bundi. Baada ya ibada Mama Riziki akanifuata mpaka jikoni.

"Dada, umeanguka?"

"Ndiyo."

"Umeanguka nini?"

"Unaonaje wewe?"

Akaniangalia tumbo. Kweli ya Mungu, aliniangalia tumbo! Na miaka yangu hii! Nikalisukuma mbele kidogo. Wiki nzima simu zilipigwa kutoka Frogtown mpaka Fridley, ati Mama Sifa, ati ni nani, ati labda yule mzungu mrefu wa boila. Maskini Mzee Arne, amestaafu zake, hajui anazaa.

Mchungaji alikuja kunibembeleza. "Mama, rudi mbele. Unachanganya kundi."

"Nitarudi na mwenzangu."

"Mwenzako yuko chini ya adabu ya kanisa."

"Basi na mimi niko chini yake. Pana nafasi, hata wewe njoo, tumesogea."

Hakucheka. Sisemi Elia ni mtu mbaya. Usiku anapanga maboksi ghalani, mchana anawapeleka wazee kliniki kwa petroli yake. Ila aliogopa watu. Aliogopa wazungu watasema nini, wazee watasema nini, Wakenya wataenda kusali kwingine. Mtu mwoga akipewa kipaza sauti ni shida.

Wakati wa skolashipu ukafika. Majina yakaja: Esperance yumo. Na Josué yumo. Mchungaji alikuwa amemsemea Josué kwamba anatumika. Esperance hakumsemea. Mimi nikasema nitamsemea, mimi ni mkubwa wa kanisa, au wamesahau nimezeeka? Esperance mwenyewe alitaka kukata tamaa. Alikaa mbele yangu kwenye chumba cha boila, tumbo limefika magotini mwangu, akasema, "Ma Sifa, niende kusema nini? Kweli sifanyi kitu. Wameninyang'anya vyote."

Nikavaa miwani. "Wel, Esperance," nikasema kwa ile sauti, nikimtaka anieleze Jumapili yake. "Tel mi abaut yua Sandei."

"Ma Sifa, usinichekeshe, mtoto anaruka."

"Tel mi."

Akanieleza. Tukarudia kila jioni akitoka kazini, mpaka boila yenyewe ilikuwa inaijua Jumapili ya Esperance.

Siku ya meza, chumba ni kile cha chini, chini kabisa ya kanisa. Juu yetu kwaya ilikuwa inajiandaa, vyombo vya muziki vinaunganishwa. Esperance akaingia, tumbo likamtangulia. Wazee wawili wakaangalia kalamu zao. Hajakaa vizuri, Mchungaji akamwinamia Bi Karin akasema kwa Kiingereza, na hiki nilikielewa chote: huyu kwa sasa hatumiki, tunaweza kumwita anayefuata.

Bi Karin akainamisha kichwa. Nikaona inakuja. "Oo," akasema. "Wel. Inta…"

Sikumwachia aimalize. Nikazungumza Kiswahili changu, nikasema nataka kumuuliza huyu mtoto swali. Mchungaji akaweka mikono pamoja, akafungua mdomo, na nikajua hapo hapo anakwenda kushukuru tena kwa niaba yangu.

Basi nikamtangulia. Miwani ya boksi ilikuwa mfukoni mwa aproni. Nikaivaa, nikaishusha mwisho wa pua, nikaegemea meza kwa viwiko, nikamtazama mtoto. Kiingereza nilichokuwa nacho duniani kilikuwa kimoja tu, cha Bi Karin. Ndicho nilichotumia.

"Wel, Esperance! It's so gud tu sii yu. Tel mi abaut yua Sandei."

Mzee mmoja wa kizungu akamwangalia Bi Karin kuona kama ndiye aliyesema. Bi Karin mwenyewe alishika miwani yake, kama anahakikisha iko kwake. Na Esperance, mtoto yule, alikuwa amezoea. Jioni zote zile, sauti ikisema hivyo yeye anajibu. Akajibu.

Akasema anaamka, anapiga pasi. Akasema anakwenda na gari Fridley kumchukua bibi Nyota, anamfunga viatu, na siku hizi kuinama ni kazi, kwa hiyo bibi anaweka mguu kwenye kiti. Akasema anafika kanisani, anakaa benchi la nyuma. Akasema kwaya ikipotea sauti, anawanyanyulia kidole kutoka huko nyuma, nao wanamwangalia yeye, hawamwangalii aliyesimama mbele, wanarudi kwenye sauti. Akasema watoto wadogo wakichoka wanamkimbilia mlangoni, anawapangusa kamasi, anawafundisha huko huko kwa kunong'ona. Akasema baada ya ibada anawasomea wazee barua za kliniki. Akasema basi, anarudi nyumbani.

Bi Karin alikuwa ameinama mbele. Akauliza kwa sauti yake mwenyewe, na iliniumiza kidogo, kwa sababu yangu ilikuwa imetoka vizuri zaidi. "Na kwa nini unakaa nyuma?"

Esperance akaweka mkono juu ya tumbo. "Kwa sababu ya hii."

"Na baba wa mtoto? Yeye anakaa wapi?"

Mchungaji anaangalia ukuta, mimi nimefunga mdomo, na nyinyi mnajua kwangu hilo si dogo. Na juu, kwenye dari, ikaanza: dum. Dum, dum. Anajaribu nyuzi. Vikombe vya kahawa vikatetemeka mezani.

Esperance akanyanyua kidole, akaonyesha juu.

Wote tukaangalia dari. Wazee wawili, Bi Karin, mimi, wote shingo juu, kama tunasubiri mvua. Dum, dum, dum. Anapiga vizuri, yule kijana, siwezi kumnyima.

Bi Karin akashusha kichwa polepole. Akafungua karatasi ya anayefuata, akaona jina, akaona na pale Mchungaji aliposema anatumika. Akamgeukia Mchungaji. Akamuuliza taratibu sana, kama unavyomuuliza mtoto aliyevunja kitu: huyu anayepiga juu na huyu binti wamefanya jambo moja. Kwa nini huyu anatumika na huyu hatumiki?

Hapo sasa nitawaambia kwanza yaliyofuata, kwa sababu jibu la Mchungaji likishatoka mimi sitaki kuongeza kitu juu yake. Esperance alipata. Mnamwona anavyopita na vitabu vyake na mtoto kiunoni. Josué hakuitwa ndani siku ile. Meza ikaamua kuanzia hapo hakuna mkubwa tena wa kumsemea mtoto, si mchungaji, si mimi. Mtoto aje mwenyewe aeleze Jumapili yake. Kwa hiyo kiti changu kwenye komiti kilikwisha, na nilikimaliza mimi, na sijuti. Benchi la nyuma nilimwita Bahati tukalibeba mpaka chumba cha boila. Liko huko, wekeni viatu vya theluji, na atakayelirudisha juu nitakuja kumkalia. Kisha nikaweka funguo, kwa sababu magoti yalishaomba ruhusa zamani na mimi ndiye niliyekuwa nayanyima. Mchungaji nakutana naye dukani University Avenue. Ananiuliza, "Mama Sifa, bado unaniiga?" Namwambia, kila siku, Mchungaji, usingizi hauji bila wewe.

Bon. Bi Karin ameuliza. Dari inapiga dum, dum. Mchungaji Elia akaniangalia mimi, safari hii yeye ndiye anatafuta mkalimani. Nikavua miwani. Akafungua mikono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema kitu kilekile kilichokuwa kichwani mwake, bila kukipunguza:

"Hatuna mpiga besi mwingine."